Miguu ndiyo huonekana

*Konzo imewalemaza walaji wa mhogo mchungu kuanzia Kwango hadi Mtwara. Wanasayansi wanabishana kuhusu kile sumu inachokifanya kwenye vipokezi vya ubongo, na jibu lao ndilo litakaloamua nani ahesabiwe mgonjwa.*

Mtoto amelala mzima. Jana alitembea mwendo mrefu kwenda shamba na kurudi, akala ugali wa mhogo kwa majani ya kuchemsha, akajinyoosha kwenye mkeka. Alfajiri anataka kusimama, miguu inatetemeka, magoti yanakaza, anaanguka. Hana homa wala jeraha. Mama anadhani ni uchovu wa safari. Siku mbili tatu zinapita, miguu haijarudi katika hali yake, na haitarudi tena.

Hivyo ndivyo konzo inavyoanza katika maelezo ya madaktari walioifuatilia Kahemba, kusini-magharibi mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo karibu na mpaka wa Angola, na katika sehemu nyingine ilikozuka. Huja ghafla, mara nyingi ndani ya siku moja, kisha husimama pale pale: haizidi, haipungui. Wenye nafuu hutembea kwa vidole, visigino vikiwa juu na magoti yakisuguana. Wengine huhitaji fimbo moja au mbili. Waliopigwa vibaya hutambaa.

Muuguzi anayeijua kazi yake hahitaji mashine kuitambua. Anamkalisha mtoto juu ya meza, miguu inaning'inia, anagonga chini ya pia ya goti kwa nyundo ya mpira. Mguu unaruka mbele kwa nguvu kupita kawaida. Halafu anashika wayo na kuusukuma juu kwa ghafla: mguu unaanza kudunda wenyewe mkononi mwake, mara tatu, mara tano, mara kumi, mtoto mwenyewe akiutazama kwa mshangao.

Misuli ya mguu huo ni mizima. Neva zinazotoka uti wa mgongo kwenda kwenye misuli nazo ni nzima. Kilichoharibika ni seli ndefu zinazoshuka kutoka ubongoni hadi kwenye uti wa mgongo kuleta amri. Konzo ni ugonjwa wa ubongo, ingawa kila mtu huutazama miguuni.

Njaa, ukame na barabara ya lami

Aliyeuandika kwanza ugonjwa huu kitaalamu ni Giovanni Trolli, daktari Mwitaliano aliyefanya kazi Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1938 alieleza wagonjwa wa Kwango, na jina konzo akalichukua kwa wenyeji wa huko. Baada ya hapo ulimwengu wa tiba ukausahau kwa miongo kadhaa.

Uliibuka tena mwaka 1981 kaskazini mwa Msumbiji, mkoani Nampula. Ukame uliua mahindi, maharage na karanga. Kilichobaki ardhini ni mhogo mchungu. Watu zaidi ya 1,000 walilemaa, wengi wao wanawake na watoto. Hofu ya mwanzo ilikuwa polio, wengine wakashuku sumu ya vita. Miongoni mwa waliochunguza ni Julie Cliff, daktari kutoka Australia aliyekuwa akifanya kazi Msumbiji, na Msweden Hans Rosling, yule yule ambaye baadaye dunia ilimjua kwa mihadhara yake ya takwimu. Rosling alikuwa daktari wa wilaya huko Nacala, na shahada yake ya uzamivu ilitokana na mhogo huo.

Tanzania haikupona. Mwaka 1985 ukame uliikumba wilaya ya Tarime, mkoani Mara, na konzo ikafuata. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilizuka kusini, mkoani Mtwara. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ni mmoja wa watafiti walioufuatilia ugonjwa huu nchini kwa miaka mingi, na machapisho yake yanarudia jambo moja: palipo na konzo, pana watu waliofupisha kazi ya kutoa sumu kwenye mhogo.

Kufupisha huko si lazima kutokane na njaa. Katika mkoa wa zamani wa Bandundu, Kongo, barabara ya lami kati ya Kikwit na Kinshasa ilileta malori ya wanunuzi. Mhogo ukawa fedha. Mizizi iliyokuwa ikilowekwa kwa siku tatu ikaanza kutolewa majini baada ya siku moja, ili lori lisipite. Mtafiti Thorkild Tylleskär na wenzake Wakongo walifuatilia vijiji hivyo mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuona konzo ikiwafuata wanaoharakisha. Maendeleo yalifika kijijini kwa lori, na yakaacha watoto wenye fimbo.

Sumu na kinga yake

Mhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini. Mzizi ukiwa mzima, linamarini imetengwa na kimeng'enya kinachoweza kuivunja. Mzizi ukikatwa, ukipondwa au ukilowekwa, viwili hivyo hukutana na sianidi hutoka. Sianidi ni gesi. Ikipewa muda na nafasi, hupaa na kwenda zake.

Hapo ndipo kilipo chanzo cha kazi zote ambazo akina mama wa nchi za mhogo wanazijua: kuloweka, kuvundika, kutwanga, kuanika. Udaga wa kanda ya ziwa umevundikwa kabla ya kukaushwa, na kuvundika huko ndiko kunakoondoa sehemu kubwa ya sumu. Makopa yaliyomenywa na kuanikwa juani bila kulowekwa ni jambo jingine. Yanakauka upesi mno, kimeng'enya kinasimama kabla ya kumaliza kazi, na linamarini inabaki kwenye unga.

Shirika la Afya Duniani linataka unga wa mhogo usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Kasese, magharibi mwa Uganda, Septemba 2017, watu 98 walipatwa na sumu baada ya kula unga wa mhogo, wa kwanza wao wakiwa wametoka msibani. Wawili walikufa. Unga uliopimwa ulikuwa na zaidi ya mara nane ya kiwango hicho. Hiyo ilikuwa sumu ya papo kwa papo: kutapika, kuharisha, kizunguzungu. Konzo ni mtindo mwingine. Inataka kiasi kidogo zaidi, kila siku, kwa wiki nyingi, na sahani isiyo na protini.

Protini inaingiaje? Mwili una njia ya kujikinga na sianidi: huibandika salfa, ikawa thiosianati, ambayo ni hafifu zaidi na hutoka kwa mkojo. Salfa hiyo hutoka kwenye asidi amino zilizomo katika samaki, dagaa, nyama, mayai, na kwa kiasi fulani maharage. Mzizi wa mhogo una protini kidogo sana. Kwa hiyo mlo ule ule unaoleta sumu ndio unaomnyima mtu kinga. Watoto walio chini ya miaka miwili, ambao bado wananyonya, huugua kwa nadra.

Mpaka hapa hakuna anayebisha. Ubishi unaanza sumu inapofika kichwani.

Seli zinavyozungumza

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva takriban bilioni 86. Hazigusani. Kati ya seli moja na jirani yake pana ufa wenye upana wa karibu sehemu moja ya elfu hamsini ya milimita. Umeme unaposafiri hadi ukingoni mwa seli ya kwanza, vifuko vidogo hupasuka na kumwaga kemikali kwenye ufa huo. Kemikali inayotumika zaidi kuiamsha seli ya pili ni glutamati.

Iligundulika kwa taabu. Katika miaka ya 1950 Mjapani Takashi Hayashi aliidunga kwenye bongo za mbwa, wakapata degedege. David Curtis na Jeffrey Watkins, wakiwa Canberra, waliimwagia seli za uti wa mgongo wa paka na kuona zinalipuka kwa umeme. Hata hivyo wao wenyewe walisita kuikubali kuwa ndiyo mjumbe. Glutamati imo kila mahali mwilini, na iliamsha karibu kila seli waliyoijaribu. Kitu cha kawaida namna hiyo, walifikiri, hakiwezi kuwa na kazi mahususi.

Umahususi ulikuwa upande wa pili wa ufa, kwenye vipokezi. Kipokezi ni protini iliyopenya ukuta wa seli, yenye mfuko wa kuinasa glutamati upande wa nje na tundu katikati. Glutamati ikikaa kwenye mfuko, protini inajikunja na tundu linafunguka. Ayoni za chumvi zinaingia, seli inaamka. Haya yote huchukua chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Vipokezi vya namna hii viko vya familia tatu, na kila familia imepewa jina la kemikali iliyosaidia kuitambua: AMPA, NMDA na kainati. Kainati yenyewe hutoka katika mwani mwekundu ambao Wajapani waliutumia kama dawa ya minyoo. AMPA ndiyo ya mbio, inayobeba mazungumzo ya kila dakika. NMDA ni ya tahadhari. Tundu lake limeziba kwa ayoni ya magnesiamu, kama kizibo cha chupa, na kizibo hakitoki mpaka seli iwe tayari imeamshwa na AMPA. Kikitoka, kalisi inaingia, nayo ndiyo inayoiambia seli iimarishe kiungo chake na jirani huyo. Tim Bliss na Terje Lømo waliuonyesha uimarikaji huo kwenye ubongo wa sungura mwaka 1973. Miaka kumi baadaye Graham Collingridge akaonyesha kwamba ukiizuia NMDA, hautokei. Kujifunza kwa mtoto, kukumbuka njia ya kisimani, kukumbuka herufi, kunategemea vizibo hivi kutoka kwa wakati wake.

> Glutamati inayomfanya mtoto akumbuke herufi ndiyo hiyo hiyo, ikizidi, inayoiua seli inayoipokea.

Na hapo ndipo penye hatari. Mwaka 1969 Mmarekani John Olney alionyesha kwamba panya wachanga waliodungwa glutamati nyingi walipoteza seli za ubongo. Seli ziliamshwa mpaka zikafa: kalisi iliingia bila kukoma, ikawasha vimeng'enya vinavyokula seli kutoka ndani. Katika hali ya kawaida seli jirani huifagia glutamati mara tu inapomaliza kazi, na ufagiaji huo hula nishati nyingi.

Msomaji anayewaza kuhusu viungo vya mchuzi vya dukani asiogope kupita kiasi. Glutamati ya chakula, iwe ya kiungo, ya nyanya au ya samaki, haivuki kwa urahisi kutoka damuni kwenda ubongoni. Wale panya wa Olney walikuwa wachanga na walidungwa dozi kubwa. Balaa huja kinapopatikana kitu kinachofanana na glutamati na kinachovuka.

Kome wa Canada, kunde za Ethiopia

Mwishoni mwa mwaka 1987, watu zaidi ya 100 nchini Canada waliugua baada ya kula kome waliofugwa Kisiwa cha Prince Edward. Watatu walikufa. Baadhi ya waliopona walibaki na tatizo la kutisha: walikumbuka maisha yao ya zamani lakini hawakuweza kushika jambo jipya. Sumu ilikuwa asidi domoiki, iliyotengenezwa na viumbe vidogo vya baharini ambavyo kome walikuwa wamevichuja. Asidi domoiki huingia kwenye vipokezi vya kainati na kuvifungua kwa nguvu kuliko glutamati yenyewe. Maiti zilipochunguzwa, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu, ilikuwa imekufa seli zake.

Mfano wa pili unafanana na konzo kiasi cha kuwachanganya madaktari. Kuna mmea wa jamii ya njegere, Ethiopia huitwa guaya na India khesari, unaostahimili ukame kuliko zao lolote jirani yake. Njaa ikija, watu huula kwa miezi mfululizo, na baadhi yao hukaza miguu na kutembea kwa vidole maisha yao yote. Mwaka 1942 Wayahudi waliofungwa katika kambi ya Vapniarka, eneo la Ukraine lililokuwa chini ya Romania, walilishwa mbegu hizo. Daktari Arthur Kessler, mfungwa mwenzao, ndiye aliyetambua chanzo na kuwahimiza wenzake wazikatae.

Mwaka 1964 wanakemia wa India waliitoa sumu yake. Ni asidi amino inayofanana na glutamati, na vipokezi inavyovishika zaidi ni vya AMPA.

Miguu ile ile, magoti yale yale, njaa ile ile. Nani asingeshawishika kwamba konzo nayo hupita mlango huo?

Ubishi wenyewe

Peter Spencer wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi cha Oregon, Marekani, ndiye aliyeliweka wazo hilo mezani kwa nguvu zaidi. Hoja yake, aliyoichapisha mwaka 1999, ni kwamba thiosianati, ile ile ambayo tuliihesabu kuwa takataka ya kujikinga, ikirundikana hubadilisha kipokezi cha AMPA na kukifanya kiishike glutamati kwa nguvu zaidi. Ujumbe wa kawaida unageuka kelele. Seli ndefu za kuamuru miguu, ambazo husafirisha ujumbe kwa umbali mkubwa kuliko nyingine za aina yake, zinachoka kwanza.

Ni hoja nzuri, na nakiri inanivutia kwa sababu inaunganisha magonjwa mawili ya njaa chini ya kipokezi kimoja. Lakini ina matundu. Wavutaji wa sigara wana thiosianati nyingi kuliko watu wengine, na hawapati konzo. Tena, watafiti waliopandikiza vipokezi vya ubongo wa panya kwenye mayai ya chura waliona thiosianati ikipunguza mwitikio wa AMPA badala ya kuuongeza. Kukishika kitu kwa nguvu na kukifungua ni mambo mawili.

Kwa hiyo wengine, na Spencer mwenyewe akiwamo miongoni mwao, wakaigeukia sianati. Salfa ikipungua mwilini, sehemu ya sianidi hufuata njia nyingine na kuwa sianati, kemikali inayojibandika kwenye protini na kuziharibu. Maabara ya Oregon ilionyesha hilo kwa panya waliolishwa mlo usio na salfa. Upande huu una ushahidi wa kusikitisha kutoka mahali pasipotarajiwa: katika miaka ya 1970 sianati ilijaribiwa kama dawa ya selimundu, na majaribio yakaachwa baada ya wagonjwa kupata matatizo ya neva. Kasoro ni kwamba neva zilizoumia kwa wagonjwa hao zilikuwa za pembeni, mikononi na miguuni, ilhali konzo huanzia ubongoni.

Wapo wanaosema tusihangaike: sianidi yenyewe inatosha. Inazima mitambo ya nishati ndani ya seli, na ubongo hula nishati nyingi sana. Lakini waliopona sumu kali ya sianidi, wakibaki na ulemavu, mara nyingi hupata kutetemeka na ukakamavu unaofanana na ugonjwa wa Parkinson. Hiyo si konzo.

Ukiwasikiliza kwa makini, hata hivyo, kambi hizi hazipo mbali kama machapisho yao yanavyoonyesha. Seli iliyoishiwa nishati haiwezi kuifagia glutamati wala kushikilia magnesiamu kwenye NMDA. Iwe mlango umesukumwa kutoka nje au umeachwa wazi kwa kukosa mlinzi, kalisi inaingia. Binafsi nadhani vipokezi vya glutamati vitakutwa mwishoni mwa njia hizi zote.

Ajabu ni kwamba chuo hicho hicho cha Oregon ndiko timu ya Eric Gouaux ilikotoa, mwaka 2009, picha ya kwanza kamili ya umbo la kipokezi cha AMPA, atomu kwa atomu. Katika chuo hicho hicho anafanya kazi Désiré Tshala-Katumbay, bingwa wa neva Mkongo ambaye amekuwa akienda na kurudi kati ya Oregon na Kinshasa akiwafuatilia watoto wa Kahemba. Umbo la kipokezi linajulikana kwa usahihi wa kustaajabisha. Kinachokipata ndani ya kichwa cha mtoto wa Kahemba mwezi wa Agosti hakijulikani.

Watoto wasiochechemea

Mtu anaweza kuuliza: kwa mwanakijiji, kuna tofauti gani kama ni AMPA au ni sianati? Mguu umeshakaza.

Tofauti ni kubwa, na waliionyesha Michael Boivin, Daniel Okitundu, Tshala-Katumbay na wenzao katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Waliwapima watoto wa Kahemba uwezo wa kukumbuka, kujifunza na kutumia mikono. Wenye konzo walikuwa nyuma. Hilo lilitarajiwa na wengi. Lakini watoto majirani zao, wasio na dalili yoyote miguuni, nao walikuwa nyuma ya watoto wa eneo lisilo na konzo.

> Mtoto anayetembea vizuri anaweza kuwa amelipia unga ule ule kwa kumbukumbu yake.

Hapa lazima mtu awe mwangalifu. Kahemba ni maskini, na njaa peke yake hudumaza akili ya mtoto. Hakuna anayeweza kusema kila alama iliyopotea imepotea kwa sianidi. Lakini kama sumu hufanya kazi kupitia vipokezi vya glutamati, hakuna sababu iishie kwenye seli za miguu. Vipokezi hivyo vimejaa hipokampasi na tabaka zote za juu za ubongo, ndiko mtoto anakojifunzia. Walioumwa kwa kome wa Canada hawakulemaa miguu, walipoteza kumbukumbu. Sumu ya aina moja huweza kuchagua mahali tofauti kulingana na dozi, umri na chakula.

Vigezo vya konzo vilivyowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1996 ni vitatu: mwendo uliokakamaa pande zote mbili, kuanza ghafla ndani ya wiki moja kwa mtu aliyekuwa mzima na kutoendelea, na magoti au vifundo vinavyoruka kupita kiasi bila ugonjwa wa uti wa mgongo. Ni vigezo vizuri kwa muuguzi mwenye nyundo ya mpira. Ila mtoto asiyechechemea hapiti hata kigezo cha kwanza. Wizara inapohesabu wagonjwa, yeye hayumo, na bajeti inayofuata hesabu haimfikii.

Maji, jamvi na kivuli

Kuhusu kinga, ubishi ni wa aina nyingine na una siasa ndani yake.

Howard Bradbury, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, alipendekeza njia ambayo mtu akiisikia mara ya kwanza anadhani anataniwa. Weka unga mkavu wa mhogo kwenye beseni, usawazishe, chora alama ndani ya beseni mahali unga ulipofikia. Ongeza maji huku unakoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena taratibu; ukifika kwenye ile alama, acha maji. Tandaza juu ya jamvi, unene usizidi sentimita moja. Saa mbili juani, au saa tano kivulini. Kimeng'enya kilichokuwa kimelala kwenye unga kinaamka, kinamalizia linamarini, gesi inapaa. Unga huo usongwe ugali siku hiyo hiyo, usilale.

Mlingi na wenzake waliifundisha njia hiyo kusini mwa Tanzania. Kongo, Jean-Pierre Banea na timu yake waliipeleka kijiji cha Kay Kalenge, ukanda wa afya wa Popokabaka, mwaka 2010, kwa kuwafundisha wanawake. Katika kipindi cha ufuatiliaji hakukutokea konzo mpya. Vijiji vingine vikafuata. Wanawake wenyewe walisema ugali unakuwa mtamu zaidi, na nadhani hiyo imesaidia kuliko mabango.

Wanaopinga hawasemi njia hii haifanyi kazi. Wanasema inamwongezea kazi mwanamke ambaye tayari amelima, amechota maji, amemenya na kutwanga. Haimpi mtoto dagaa. Na katika maeneo ya wakimbizi, ambako mhogo hung'olewa na kuliwa ndani ya siku moja, saa tano za kivuli ni anasa.

Wao wanataka mbegu mpya. Mhogo mtamu upo, na watafiti wa Kenya na wa California wameonyesha maabara kwamba kwa kuhariri jeni mmea unaweza kufanywa utengeneze sianidi kidogo sana. Lakini wakulima hawakuchagua mhogo mchungu kwa ujinga. Nguruwe pori, nyani na panya huuogopa. Mwizi naye huuogopa, kwa kuwa hawezi kuung'oa usiku na kuutafuna njiani. Hukaa ardhini muda mrefu ukisubiri mwaka mbaya. Ukimpa mkulima wa Kahemba mhogo usio na sumu, umempa pia kazi ya kuulinda usiku na mchana, na hilo mara nyingi halimo kwenye maandiko ya miradi.

Kwa hiyo nasimama upande wa beseni na jamvi, kwa sasa, pamoja na chochote kinachoweza kumfikishia mtoto protini: dagaa, karanga, kunde. Mbegu mpya zije zikiwa tayari.

Jambo linaloweza kufanyika bila kusubiri kambi za Oregon zipatane ni kupima mkojo. Maabara ya Bradbury ilitengeneza vipimo vyepesi vya karatasi: kimoja cha unga, ambapo karatasi ya njano huachwa usiku kucha ndani ya kichupa na kugeuka kahawia kadiri sianidi inavyozidi, na kingine cha kupima thiosianati kwenye mkojo. Kay Kalenge walikitumia kwa watoto wa shule, wenye kuchechemea na wasiochechemea, kabla na baada ya akina mama kufundishwa. Thiosianati kwenye mkojo haisemi ni kipokezi gani kimeguswa. Inasema kwamba sianidi imepita mwilini mwa mtoto huyu wiki hii. Konzo hupanda kiangazi, unga ukiwa wa haraka na mboga zikiwa zimekauka, na shule za vijiji vya mhogo mchungu zinajulikana. Upimaji ukifanywa mwanzoni mwa kiangazi, majibu yanapatikana wakati bado kuna wiki za kumfundisha mama kuchora alama ndani ya beseni.